Fluoksetini

Fluoksetini (kwenye maboksi ya dawa huandikwa fluoxetine), inayouzwa kwa jina la chapa Prozac na majina mengine mengi, ni dawa inayotumika kutibu sonona na baadhi ya magonjwa mengine ya akili. Imo katika kundi la dawa zinazozuia ufyonzwaji wa serotonini kwenye ubongo, ambalo kimataifa hujulikana kwa kifupi SSRI. Humezwa kwa mdomo, kwa kawaida mara moja kwa siku.

Dawa hii ilitengenezwa na kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliruhusiwa kutumika Marekani tarehe 29 Desemba 1987. Iko katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yaani dawa ambazo kila mfumo wa afya unashauriwa kuwa nazo. Tangu mwaka 2001 hutengenezwa na viwanda vingi kama dawa isiyo na hakimiliki, hivyo bei yake ni nafuu.

Madhara yake ya kawaida ni kichefuchefu, kukosa usingizi, kuumwa kichwa, kutotulia na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Madhara makubwa ni machache, lakini yapo: kuongezeka kwa mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana, sindromu ya serotonini, kuvuja damu, na kuchangamka kupita kiasi kwa watu wenye ugonjwa wa baipola. Kwa sababu hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari, na anayeitumia anatakiwa kufuatiliwa, hasa katika wiki za mwanzo.

## Historia

Dawa za kwanza za kutibu sonona zilipatikana katika miaka ya 1950, na kwa sehemu kubwa kwa bahati. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu; mwaka 1952 madaktari wa hospitali ya Sea View mjini New York waliona kwamba baadhi ya wagonjwa walioitumia walichangamka na kupata hamu ya kula. Imipramini ilijaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa skizofrenia huko Uswisi, ambako daktari Roland Kuhn alitambua kwamba iliwasaidia wenye sonona. Alitangaza matokeo yake mwaka 1957.

Dawa hizo zilisaidia wengi, lakini zilikuwa na hatari zake. Kundi la iproniazidi, linaloitwa vizuizi vya MAO, liliweza kupandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua pale mgonjwa alipokula vyakula fulani kama jibini iliyokomaa. Kundi la imipramini, ambamo pia imo amitriptilini, lilikuwa na hatari kubwa kwa moyo pale mgonjwa alipomeza vidonge vingi kwa pamoja. Hilo lilikuwa tatizo zito, maana dawa yenyewe ilipewa watu ambao baadhi yao walikuwa wakifikiria kujiua.

Katika Eli Lilly, mkemia Bryan Molloy alianza kutafuta dawa mpya kwa kubadilisha umbo la difenhidramini, dawa ya mzio iliyojulikana kwa muda mrefu. Alifanya kazi hiyo pamoja na Klaus Schmiegel, huku David Wong, mwanasayansi mzaliwa wa Hong Kong, na Ray Fuller wakipima jinsi kemikali hizo zilivyoathiri serotonini. Moja kati ya kemikali hizo, iliyopewa namba 110140, ilizuia ufyonzwaji wa serotonini bila kugusa sana kemikali nyingine za ubongo. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1974, na dawa ikapewa jina la fluoksetini.

Mara nyingi husemwa kwamba fluoksetini ndiyo dawa ya kwanza ya kundi la SSRI. Kwa hakika zimelidini ilitangulia kuuzwa barani Ulaya mwaka 1982, lakini iliondolewa sokoni mwaka 1983 baada ya kuhusishwa na ugonjwa wa neva uitwao Guillain-Barré. Fluoksetini iliingia sokoni Ubelgiji mwaka 1986, kisha Marekani mwanzoni mwa 1988.

Umaarufu wake ulienea haraka. Mwaka 1990 kidonge chake kilionekana kwenye jalada la gazeti la Newsweek, na katika miaka iliyofuata jina Prozac likawa kama jina la dawa zote za sonona katika nchi za Magharibi. Hakimiliki ya Eli Lilly ilikwisha Marekani mwezi Agosti 2001.

## Matumizi

### Sonona

Sonona si huzuni ya kawaida inayofuata msiba au hasara. Ni ugonjwa ambao mtu hukaa na huzuni, au hukosa raha katika mambo aliyoyapenda, karibu siku nzima, kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Huambatana na dalili kama kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, uchovu, kubadilika kwa hamu ya kula, kushindwa kuweka akili kwenye jambo moja, kujiona hana thamani, na mawazo ya kifo. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakilalamikia mwili: kichwa, mgongo, tumbo au moyo kwenda mbio.

Fluoksetini hutumika zaidi kwa sonona ya kiwango cha kati na kali. Kwa sonona nyepesi, miongozo mingi ya tiba hushauri kuanza na ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo, kufanya mazoezi na kutatua matatizo yanayomsumbua mgonjwa. Tiba hizo zimeonyesha mafanikio pia barani Afrika. Nchini Uganda, utafiti uliofanyika katika wilaya za Rakai na Masaka na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo katika vikundi ilipunguza sonona vijijini. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench huwatumia wanawake wazee waliopewa mafunzo kuzungumza na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati.

Dawa na mazungumzo vinaweza kutumika pamoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha vijana 439 wa miaka 12 hadi 17, ulipima njia 4 kwa wiki 12. Waliopata nafuu walikuwa takriban 71% ya waliopewa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 61% ya waliopewa fluoksetini peke yake, 43% ya waliopewa tiba ya mazungumzo peke yake, na 35% ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

### Magonjwa mengine

* Ugonjwa wa mawazo yanayojirudia na matendo ya kulazimika, kwa mfano kunawa mikono mara nyingi kupita kiasi au kurudi kukagua mlango tena na tena. Hapa mara nyingi huhitajika kipimo kikubwa zaidi na muda mrefu zaidi kabla ya kuona nafuu.
* Bulimia, ambapo mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha hujitapisha au hutumia dawa za kuharisha ili asinenepe.
* Ugonjwa wa hofu ya ghafla, ambapo mtu hupatwa na woga mkali bila sababu, moyo ukamwenda mbio na akaona kama anakufa.
* Fadhaa kali inayowapata baadhi ya wanawake katika siku zinazotangulia hedhi.
* Sonona ya ugonjwa wa baipola. Kwa ugonjwa huu fluoksetini hutolewa pamoja na dawa nyingine, olanzapini, wala si peke yake.

## Jinsi inavyofanya kazi

Seli za neva kwenye ubongo hupeana taarifa kwa kutumia kemikali. Mojawapo ni serotonini, inayohusika na hisia, usingizi, hamu ya kula na maumivu. Seli moja huimwaga serotonini katika nafasi ndogo iliyopo kati yake na seli ya pili. Baada ya kufikisha taarifa, serotonini hufyonzwa na kurudishwa katika seli iliyoitoa. Fluoksetini huziba njia hiyo ya kurudi, hivyo serotonini hukaa kwa muda mrefu zaidi katika nafasi ile.

Kuzibwa kwa njia hiyo hutokea ndani ya saa chache, lakini mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki kadhaa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba nafuu haiji kwa kuongezeka kwa serotonini pekee. Wanasayansi wengi hudhani kwamba ubongo hujirekebisha taratibu kutokana na mabadiliko hayo, kwa mfano katika idadi ya vipokezi na katika miunganiko ya seli.

Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini, na kwamba dawa hizi hujaza pengo hilo. Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 na Joanna Moncrieff na wenzake hayakuona ushahidi thabiti kwamba wagonjwa wa sonona wana serotonini pungufu. Hata hivyo, swali la jinsi dawa inavyofanya kazi na swali la kama inasaidia ni maswali mawili tofauti. La pili hujibiwa kwa kulinganisha wagonjwa waliopewa dawa na wale ambao hawakupewa.

Jambo linaloitofautisha fluoksetini na ndugu zake wa kundi la SSRI ni kukaa kwake mwilini. Kwa mtu aliyeitumia kwa muda, huchukua siku 4 hadi 6 kupungua hadi nusu. Ini huibadilisha kuwa norfluoksetini, ambayo nayo hufanya kazi kama dawa yenyewe na huchukua siku 4 hadi 16 kupungua hadi nusu. Kwa hiyo mtu aliyeacha kumeza vidonge leo bado atakuwa na dawa mwilini kwa wiki kadhaa. Hilo lina faida na hasara, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Kipimo na muda wa tiba

Kwa mtu mzima mwenye sonona, kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku, asubuhi, kabla au baada ya chakula. Humezwa asubuhi kwa sababu wengine hukosa usingizi wakiimeza jioni. Daktari anaweza kuongeza kipimo polepole, lakini kisizidi miligramu 80 kwa siku. Kwa bulimia kipimo cha kawaida ni miligramu 60. Vijana, wazee na wenye ugonjwa wa ini huanzishiwa kipimo kidogo zaidi.

Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa wengine huchukua wiki 6 au zaidi. Madhara madogo, kinyume chake, huanza mapema. Hivyo katika siku za mwanzo mgonjwa anaweza kupata kichefuchefu na kutotulia bila kuona faida yoyote, na wengi huacha dawa wakati huo wakiamini kwamba haiwafai. Kumweleza mgonjwa jambo hili tangu siku ya kwanza ni sehemu ya tiba.

Kosa la pili la kawaida ni kuacha dawa mara tu hali inapokuwa nzuri. Mwongozo wa WHO kwa watoa huduma wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, unaojulikana kama mhGAP, unashauri kuendelea na dawa hadi miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha kuipunguza taratibu. Wanaoacha mapema wako katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena.

Aliyesahau kumeza dawa siku moja huendelea na kipimo cha kawaida siku inayofuata. Hatakiwi kumeza vipimo viwili kwa pamoja ili kufidia.

## Madhara ya kawaida

Watu wengi hupata angalau dalili moja kati ya hizi, na nyingi hupungua baada ya wiki 1 au 2:

* kichefuchefu, kuhara au tumbo kuchafuka
* kukosa usingizi, au kinyume chake kusinzia
* kuumwa kichwa
* kutotulia, wasiwasi na kutetemeka mikono
* mdomo kukauka na kutokwa jasho
* kupungua kwa hamu ya kula. Uzito unaweza kushuka kidogo mwanzoni.

Madhara yanayohusu tendo la ndoa ni tofauti, kwa sababu mara nyingi hayaishi yenyewe. Hamu hupungua kwa wanaume na wanawake, na kufika kileleni huchelewa au hushindikana. Wagonjwa wengi huona haya kuyataja, na badala yake huacha dawa kimyakimya. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Kwa watu wachache matatizo haya yamebaki hata baada ya kuacha dawa. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya iliagiza jambo hilo litajwe katika karatasi za maelezo ya dawa za kundi hili.

Fluoksetini inaweza pia kushusha sukari ya damu kwa wagonjwa wa kisukari, hivyo vipimo vya sukari vinafaa kufanywa mara nyingi zaidi dawa inapoanzwa au kuachwa.

## Madhara makubwa na hatari

### Mawazo ya kujiua

Mwaka 1990 daktari Martin Teicher na wenzake wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 6 waliopata mawazo makali ya kujiua baada ya kuanza fluoksetini. Mjadala mkubwa ulizuka. Mwaka 1991 jopo la washauri la mamlaka ya dawa ya Marekani (FDA) liliona kwamba ushahidi haukutosha kuilaumu dawa.

Suala hilo lilirudi miaka zaidi ya 10 baadaye. FDA ilikusanya majaribio 24 ya dawa za sonona kwa watoto na vijana, yenye washiriki zaidi ya 4,400. Ilionekana kwamba mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilitokea kwa takriban 4% ya waliopewa dawa, na 2% ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Mwezi Oktoba 2004 FDA iliagiza onyo lenye fremu nyeusi liwekwe kwenye dawa zote za sonona, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi vijana wa miaka 24. Kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ongezeko hilo halikuonekana, na kwa wenye miaka 65 na zaidi hatari ilipungua.

Takwimu hizi hazina maana kwamba vijana wasitibiwe. Sonona yenyewe isipotibiwa ni sababu kubwa ya kujiua. Kati ya dawa za sonona, fluoksetini ndiyo yenye ushahidi bora zaidi kwa vijana, na mhGAP huitaja kuwa dawa ya kufikiriwa kwa wenye miaka 12 na zaidi pale tiba ya mazungumzo isipotosha. Maana yake ni kwamba kijana aliyeanza dawa anahitaji kuonwa mara kwa mara, na watu wa nyumbani wanapaswa kujua dalili za hatari: kutotulia kusiko kawaida, hasira za ghafla, kukosa usingizi kabisa, kujitenga, kugawa vitu vyake, au kuzungumzia kifo. Dalili hizo zikionekana, mgonjwa asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa nyumbani zitunzwe na mtu mwingine.

Maelezo mojawapo yanayotolewa ni kwamba dawa inaweza kumrudishia mgonjwa nguvu za mwili kabla ya kumwondolea huzuni, hivyo akawa na uwezo wa kutenda alichokuwa akikiwaza tu. Maelezo mengine ni kwamba kutotulia kukali kunakoletwa na dawa ndiko kunakomsukuma.

### Kuchangamka kupita kiasi

Mtu mwenye ugonjwa wa baipola hupitia vipindi vya sonona na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi. Akija hospitali wakati wa sonona anaweza kupewa fluoksetini peke yake, nayo ikamsukuma upande wa pili: halali usingizi, anazungumza bila kupumzika, anatumia fedha ovyo na kujiona ana uwezo usio wa kawaida. Kabla ya kuandika dawa, daktari anapaswa kuuliza kama mgonjwa au ndugu wa damu aliwahi kuwa na vipindi kama hivyo.

### Sindromu ya serotonini

Hii hutokea serotonini inapozidi mno, mara nyingi kwa sababu ya kuchanganya dawa. Dalili zake ni homa, jasho jingi, moyo kwenda mbio, kutetemeka, misuli kukakamaa au kurukaruka, kuhara na kuchanganyikiwa. Inaweza kuua, na inahitaji matibabu ya haraka hospitalini. Kwa kuwa inaanza na homa na kutetemeka, inaweza kudhaniwa kuwa malaria. Mgonjwa au anayemsindikiza ataje dawa zote anazotumia.

### Kuvuja damu na upungufu wa sodiamu

Chembe sahani za damu huhitaji serotonini ili kugandisha damu. Fluoksetini hupunguza serotonini iliyomo ndani yake, hivyo hatari ya kuvuja damu, hasa tumboni, huongezeka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa anayetumia pia aspirini, ibuprofeni, diklofenaki au warfarini. Choo cheusi kama lami ni dalili ya kwenda hospitali mara moja.

Kwa wazee, na kwa wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, sodiamu ya damu inaweza kushuka. Dalili ni kuumwa kichwa, udhaifu, kuchanganyikiwa na kuanguka.

### Hatari nyingine

Fluoksetini inaweza kuleta degedege kwa watu wachache, hivyo wenye kifafa hupewa kwa uangalifu. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa wenye matatizo ya moyo ya kuzaliwa au upungufu wa potasiamu. Upele unaoambatana na homa, au kuvimba uso na koo, ni dalili za mzio, na dawa huachwa.

## Kuchanganya na dawa nyingine

Fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kinachoitwa CYP2D6, ambacho huchakata dawa nyingi. Kwa hiyo huongeza nguvu ya baadhi ya dawa na kupunguza nguvu ya nyingine.

* Vizuizi vya MAO: hazitumiki pamoja kamwe. Aliyeacha fluoksetini husubiri angalau wiki 5 kabla ya kuanza kizuizi cha MAO, na aliyeacha kizuizi cha MAO husubiri siku 14 kabla ya kuanza fluoksetini.
* Linezolidi, dawa inayotumika kwa kifua kikuu sugu, nayo huzuia MAO kwa kiasi, na inaweza kuleta sindromu ya serotonini.
* Tramadoli, dawa ya maumivu, inaweza kuleta sindromu ya serotonini na degedege.
* Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, hupungua nguvu kwa sababu inahitaji CYP2D6 ili ifanye kazi. Kwa sababu hiyohiyo kodeini hupungua nguvu ya kutuliza maumivu.
* Amitriptilini, fenitoini na karbamazepini zinaweza kuongezeka katika damu hadi kiwango cha sumu.
* Pimozidi na thioridazini hazitumiki pamoja nayo kwa sababu ya hatari kwa moyo.
* Dawa za malaria zenye lumefantrini zina onyo kuhusu dawa zinazogusa mapigo ya moyo. Mgonjwa hatakiwi kuacha tiba ya malaria. Anatakiwa kumwambia mtoa huduma kwamba anatumia fluoksetini.

Kwa sababu fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki nyingi, tahadhari hizi huendelea hata baada ya mtu kuacha kuimeza. Pombe huzidisha usingizi na huharibu tiba ya sonona, hivyo hushauriwa iepukwe.

## Ujauzito na kunyonyesha

Uamuzi wa kutumia fluoksetini wakati wa ujauzito hupima hatari mbili. Kwa upande mmoja, baadhi ya tafiti zimeonyesha ongezeko dogo la kasoro za moyo kwa watoto ambao mama zao waliitumia katika miezi 3 ya mwanzo. Mtoto aliyekuwa akipata dawa katika miezi ya mwisho anaweza kuzaliwa akiwa na kutetemeka, kulia sana au kupumua kwa shida kwa siku chache, na kwa nadra huwa na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Kwa upande mwingine, mama mwenye sonona kali isiyotibiwa anaweza kushindwa kula, kukosa kliniki, kujidhuru, au kushindwa kumhudumia mtoto. Mjamzito anayetumia dawa hii hashauriwi kuiacha ghafla bila kuonana na daktari.

Fluoksetini hupita katika maziwa ya mama kwa kiasi kikubwa kuliko dawa nyingine za kundi lake kama sertralini. Kwa mama anayenyonyesha, madaktari wengi hupendelea kuanza na sertralini, lakini aliyepata nafuu kwa fluoksetini anaweza kuendelea huku mtoto akiangaliwa usingizi wake, kunyonya kwake na uzito wake.

## Kuacha dawa

Fluoksetini haileti uraibu kama ule wa pombe au afyuni: mtumiaji halewi, wala hahitaji kuongeza kipimo kila mara ili kupata raha. Hata hivyo ubongo huizoea. Akiiacha ghafla, mtu anaweza kupata kizunguzungu, ndoto za kutisha, hasira, na hisia kama za kupigwa shoti ya umeme kichwani. Kwa kuwa hutoka mwilini polepole, dalili hizo huwa chache kuliko kwa paroksetini au venlafaksini, na zinaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. Kuchelewa huko humfanya mtu adhani ugonjwa umerudi. Kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi.

## Kuzidisha kipimo

Mtu aliyemeza vidonge vingi anaweza kutapika, kusinzia, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kupata degedege. Vifo kutokana na fluoksetini peke yake ni nadra, tofauti na amitriptilini, ambayo inaweza kusimamisha moyo. Hii ni sababu mojawapo ya kundi la SSRI kupendelewa. Hata hivyo kila aliyezidisha dawa apelekwe hospitali, akiwa na boksi au pakiti ya dawa aliyoitumia.

## Mjadala kuhusu ufanisi

Mwaka 2008 Irving Kirsch na wenzake walichambua majaribio ya dawa 4 mpya za sonona, fluoksetini ikiwemo, na kuona kwamba tofauti kati ya dawa na vidonge visivyo na dawa ilikuwa ndogo, isipokuwa kwa wagonjwa wenye sonona kali sana. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichambua majaribio 522 ya dawa 21 yenye washiriki 116,477. Waliona kwamba dawa zote 21 zilishinda vidonge visivyo na dawa, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Fluoksetini haikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi, lakini ilikuwa kati ya zile ambazo wagonjwa wachache zaidi waliziacha.

Wastani huo huficha tofauti kati ya mtu na mtu: baadhi hupata nafuu kubwa, baadhi hawaoni mabadiliko. Asiyepata nafuu baada ya wiki 6 hadi 8 za kipimo sahihi hurudi kwa daktari ili abadilishiwe dawa au aongezewe tiba nyingine.

## Kwa wanyama

Mwaka 2007 Marekani iliruhusu fluoksetini ya kutafuna kwa mbwa wanaopata wasiwasi mkali wanapoachwa peke yao. Hutumika pamoja na mafunzo ya tabia.

## Tazama pia

* Sonona
* Ugonjwa wa baipola
* Serotonini
* Amitriptilini
* Ushauri nasaha